Sensa Ilimhesabu Babu, Haikumwandika Jina

Katika kazi hii ya nyaraka hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Sensa za zamani zinapatikana wapi? Nataka kujua babu alikuwa akikaa wapi pale Kilakala." Waulizaji ni watu wazima, wengi wamestaafu au wanakaribia kustaafu. Nyuma ya swali mara nyingi kuna jambo zito. Shamba linagombewa, au kaburi halijulikani lilipo, au mjukuu aliyezaliwa Ulaya amerudi likizo na kuuliza kwao ni wapi, wakubwa wakatazamana.

Jibu langu huwavunja moyo mwanzoni. Sensa za kale za Tanganyika hazitakuonyesha nyumba ya babu yako. Zilimhesabu, lakini katika taarifa zilizochapishwa hayumo kwa jina. Yumo ndani ya jumla, pamoja na wanaume wengine wa wilaya yake. Nasema hivyo mapema ili mtu asipoteze nauli na miezi akitafuta kisichokuwepo, kisha tuanze kutafuta kilichopo. Na kilichopo si haba.

Tumaini hili la sensa limetoka mbali. Uingereza ilianza mwaka 1841 kuandika jina la kila mtu katika kila nyumba, na fomu hizo hufunguliwa baada ya miaka 100. Ndiyo maana sensa yao ya mwaka 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na watu wakakaa mbele ya kompyuta wakisoma mwandiko wa babu zao. Ile ya mwaka 1931 ya Uingereza na Wales hawataisoma kamwe, maana iliteketea kwa moto mwaka 1942. Marekani husubiri miaka 72, na ya mwaka 1950 ilitoka Aprili 2022. Ndugu zetu walioko huko wanaona jirani akibonyeza mara tatu na kupata mtaa, namba ya nyumba na kazi ya babu wa babu, nao wanadhani na sisi tuna hazina kama hiyo iliyofungiwa mahali fulani Dar es Salaam.

Lakini hata Marekani kuna watu waliohesabiwa kama sisi. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwenye karatasi za peke yao chini ya jina la mmiliki: umri, jinsia, rangi, basi. Majina hayakuandikwa isipokuwa kwa nadra sana. Wengi wao walikuja kuandikwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 1870, baada ya utumwa kukomeshwa. Mmarekani mweusi anayetafuta asili yake hugonga ukuta hapo hapo, kwenye mwaka 1870, na mbinu anazotumia kuuvuka zinatufaa sana sisi: haulizi tu mtu wake aliitwa nani, anauliza nani alikuwa akimtoza, akimwozesha au akimzika, na huyo aliandika nini.

Hebu tuzipitie sensa zetu haraka. Waingereza walihesabu Tanganyika mwaka 1921, 1928 na 1931. Kwa Waafrika, kazi hiyo ilifanywa kwa kupitia watawala wa kienyeji, yaani majumbe na wenzao, na kilichofika Dar es Salaam ni hesabu za makabila na wilaya. Mwaka 1948 ndipo sensa ya kitaalamu ilipofanyika kwa Afrika Mashariki yote, na hata hiyo iligawa watu katika makundi mapana ya umri, kwa sababu wengi hawakujua mwaka waliozaliwa. Ikafuata ya mwaka 1957. Ya mwaka 1967, baada ya uhuru, ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Katika hizo zote Morogoro ipo, Waluguru wapo, kata na vijiji vinaanza kuonekana kadiri miaka inavyokwenda. Zinakusaidia kujua mahali palikuwa na watu wengi au wachache. Kwa mtu mmoja, zimenyamaza.

Tuiache sensa, twende Kilakala.

Kilakala leo ni kata ya Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo mji unaanza kupanda. Ukisimama barabarani asubuhi unaona wanawake wakiteremka na ndizi na mboga kutoka juu, kama walivyoteremka bibi zao. Mgeni hudhani hapo ni kwa Waluguru tu. Mtafutaji makini anatakiwa ajue kwamba ukanda huu wa chini ya mlima ulipokea watu wa namna tatu katika karne ya 19, na kila namna iliacha karatasi za aina yake.

Wapo Waluguru wenyewe, wenye koo zilizogawana miteremko na mabonde. Wapo waliokuja na Kisabengo, Mzigua aliyejenga mji wenye ngome karibu na ilipo Morogoro ya leo, akakusanya humo watu wa kila asili, wakiwemo watumwa waliotoroka. Bintiye, Simbamwene, alitawala baada yake, na mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1871 aliuandika mji huo kwa jina la binti huyo. Na wapo Wakristo wa kwanza walioletwa na mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo. Mapadri hao walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, na katika misheni hizo za mwanzo walipanda vijiji vya familia changa za watu waliokombolewa utumwani. Mtu wa familia kama hiyo anaweza kuwa na babu aliyezaliwa karibu na Ziwa Nyasa au Manyema, na akajiita mtu wa Morogoro bila kusema uongo hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujaagiza faili lolote, waulize wazee wako swali moja: sisi hapa tuliteremka, tulikuja, au tuliletwa? Jibu ndilo litakalokuambia ukafungue daftari lipi.

Daftari la kwanza ni la kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Serikali ambayo haikuona haja ya kuandika jina la Mwafrika ilipomhesabu, ilimwandika vizuri sana ilipotaka shilingi zake. Jumbe alikuwa na orodha ya walipaji. Mlipaji alipewa stakabadhi. Karatasi hizo ndogo bado zimo kwenye makopo na mikoba ya wazee, zimekunjwa mara nne, zimekaribia kuchanika kwenye mikunjo. Ukiipata moja, usitazame jina tu. Tazama mwaka, na zaidi ya yote tazama jina la jumbe au eneo, kwa kuwa hilo ndilo anwani. Na kumbuka kwamba kodi ya nyumba ilitozwa kwa nyumba. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili za kulipia, na kwa Waluguru nyumba hizo mbili zaweza kuwa zimetengana kwa mwendo wa nusu siku, kila moja kwenye ardhi ya ukoo wa mwanamke.

Hapo ndipo kwenye kosa kubwa ninaloliona kila mara. Mwaka fulani alinijia dada mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ametafuta kwa miaka miwili. Alikuwa akifuata jina la babu yake mzaa baba. Alijua nyumba ilikuwa Kilakala, mtaro wa mawe bado upo, na baba yake alilima hapo mpaka kufa. Alikuwa amepekua kila alichoweza kuhusu Kilakala na hakumwona babu popote. Mkononi alikuwa na stakabadhi moja ya kodi ya miaka ya 1930, na eneo lililoandikwa halikuwa Kilakala. Lilikuwa upande wa Matombo, ng'ambo ya mlima. Alidhani karani alikosea.

Nikamuuliza, "Dada, bibi yako mzaa baba alikuwa wa lukolo gani?"

Alinyamaza. Lukolo la babu alilijua, la bibi hakuwahi kuuliza.

Waluguru hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Ndani ya lukolo kuna tombo, neno lenye maana ya titi, kwa walionyonya kwa bibi mmoja. Jina la upande wa baba lipo pia na lina heshima yake, huitwa mtala, ila halibebi ardhi. Ardhi inabebwa na lukolo, na mndewa, mkuu wa ukoo huo, ndiye aliyegawa mashamba. Mtu wa nje aliyelima hapo alitoa ngoto, zawadi ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Basi fikiri: kama baba wa dada huyu alirithi shamba la Kilakala, kwa kanuni hiyo shamba lilikuwa la lukolo la mama yake, yaani bibi. Babu alikuwa mume aliyehamia. Kwao kulikuwa kwa mama yake, na stakabadhi ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo: mwaka ule babu alikuwa bado analipia kwao, Matombo.

Tukaenda Matombo. Misheni ya hapo ilifunguliwa mwaka 1897, na hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu hakuna daftari katika milima hii linalokizidi kitabu cha ubatizo.

Kitabu chenyewe ni kikubwa, jalada gumu, mistari imechorwa kwa mkono au kuchapwa, maandishi ya Kilatini. Usiogope Kilatini, maneno ni yale yale kila mstari. Filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, kisha majina ya baba na mama, kisha patrinus au matrina, msimamizi wa ubatizo. Mara nyingi kijiji kimeandikwa. Jina la mama ndilo dhahabu kwa anayetafuta Uluguruni, na makarani wa kodi hawakuwahi kulijali. Msimamizi naye usimruke: katika miaka ya mwanzo mara nyingi alikuwa katekista au jirani, na ukijua alikokaa umekaribia nyumba unayoitafuta.

Kisha tazama pembeni. Tangu mwaka 1908 Kanisa Katoliki limetaka ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa jina lake katika kitabu alimobatizwa, hata kama amefunga ndoa parokia nyingine. Padri wa kule alikofunga ndoa alituma taarifa, na padri wa huku akaongeza mstari mwembamba kwenye ukingo. Mstari huo ni mtu akihama mbele ya macho yako. Pembeni mwa jina la babu wa dada yule palikuwa na wino wa rangi tofauti na mwandiko mwingine, mdogo, umebanwa kwa kukosa nafasi: jina la mke, mwaka, na neno Morogoro. Huyo ndiye babu akishuka mlima kwenda kuoa Kilakala. Dada aliweka kidole chake juu ya karatasi, bila kuigusa, akakaa hivyo muda mrefu. Hakusema kitu wala mimi sikumharakisha.

Kanisa lilikuwa pia na daftari liitwalo status animarum, hesabu ya waumini kwa familia na nyumba, ambalo mapadri waliagizwa kuliweka tangu Ulaya ya karne ya 17. Pale lilipotunzwa, hilo ndilo sensa halisi yenye majina. Na mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya misheni kwa Kifaransa: nani amefika, nani amekufa, mvua, njaa, nzige. Kumbukumbu zao nyingine zipo Chevilly-Larue, karibu na Paris. Anayeishi Ufaransa na ana asili ya Morogoro asikose kwenda huko.

Ukienda parokiani nenda kwa adabu. Paroko ana kazi zake, na vitabu hivyo ni mali ya Kanisa yenye siri za watu. Andika barua, taja jina, mwaka wa kukisia na uhusiano wako na huyo mtu, uliza siku inayomfaa. Kumbuka pia kwamba Jimbo la Morogoro liliundwa mwaka 1953. Kabla ya hapo yote haya yalikuwa chini ya Bagamoyo, kwa hiyo barua ya zamani yaweza kukurudisha pwani.

Na kama watu wako ni Waislamu, kama walivyo wengi wa ukanda wa chini na wa mashamba ya mkonge? Hapo hakuna kitabu cha ubatizo, na njia ni ndefu zaidi. Tafuta hati za ndoa na talaka, kesi za mirathi na za ardhi katika mahakama za mwanzo, na karatasi za mashamba. Tungi, Pangawe, Kingolwira: mkonge uliwavuta watu kutoka kila upande wa nchi, na neno lenyewe manamba limetokana na namba waliyopewa. Namba hiyo, ikikutwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, kilichohifadhiwa nyumbani, inaweza kukuonyesha shamba na mwaka.

Kwa karatasi za serikali, mlango ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za umma baada ya miaka 30, kwa hiyo za enzi za ukoloni zimeshavuka muda huo. Omba Kitabu cha Wilaya ya Morogoro, ambamo mabwana shauri waliandika habari za koo, mipaka na watawala. Omba mafaili ya mradi wa matuta wa Uluguru wa miaka ya 1950 na ya fujo za Matombo za Julai 1955, watu walipokataa kuchimba matuta; mradi uliogusa mashamba ya watu uliacha maandishi kuhusu mashamba hayo. Tafuta chini ya Jimbo la Mashariki, maana Mkoa wa Morogoro haukuwepo bado. Na uwe mpole na tahajia. Mjerumani aliandika Mrogoro, akatumia sch kwa sh na dj kwa j. Mfaransa aliweza kuandika ou pale tunapoandika u. Mluguru mwenyewe na karani wa pwani hawakukubaliana kila mara kuhusu l na r. Jina ambalo hulioni, lisome kwa sauti kabla hujalikataa.

Miaka ya kuzaliwa usiiamini sana. Mzee wa Kilakala hakuhesabu kwa tarehe, alihesabu kwa mambo. Alizaliwa reli ilipofika, basi ni mwaka 1907. Alikuwa anatambaa Waingereza walipoingia Morogoro, basi ni Agosti 1916. Alioa mwaka wa homa kubwa, basi ni 1918 au 1919. Alijenga kabla masista wa Maryknoll hawajajenga Marian, ambayo sasa ni Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kilakala, basi ni kabla ya mwisho wa miaka ya 1950. Mimi huandika mambo haya kwenye karatasi moja ndefu na kumsomea mzee moja moja, naye husema, "Kabla," au, "Baada." Ndani ya nusu saa tunakuwa na miaka ambayo hakuna daftari lingetupa.

Sensa ya karibuni ni ya tarehe 23 Agosti 2022. Ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na Manispaa ya Morogoro ilikuwa na 471,409, kutoka 315,866 mwaka 2012. Karani alikuja na kishikwambi, akauliza majina. Majina hayo Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inayalinda, na ni haki yawe siri, kwa sababu mtu anayeogopa jibu lake kutangazwa hatasema kweli. Lakini natamani wabunge wetu wajadili muda wa kuyafungua, iwe miaka 80 au 100, na yatunzwe mpaka siku hiyo. Tusipofanya hivyo, mtoto aliyehesabiwa Kilakala mwaka 2022 atatafutwa na wajukuu wake kwa shida ile ile tuliyonayo sisi kwa waliohesabiwa mwaka 1931.

Hata hivyo, hatuna sababu ya kungoja Bunge. Dada yule aliporudi kutoka Matombo alinunua daftari kubwa la kaunta, akaandika ukurasa wa kwanza jina la bibi, lukolo lake, tombo lake, mahali pa shamba na majirani wa pande zote nne, kisha akampa mjomba wake asome na kusahihisha. Mjomba alisahihisha mambo mawili. Alifariki mwaka uliofuata. Kama kwenu yupo bado mjomba au bibi anayejua, nenda wiki hii, na uanze kwa kuuliza jina la mama yake.